Herufi H kwenye majibu ya mjomba

Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimetoa majibu ya damu za watu ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, bila kujua yanavyopokelewa huko majumbani. Jibu linatoka kwenye mashine, nalihakiki, nasaini, linakwenda. Nimekuja kuujua upande wa pili baada ya mjomba wangu wa Tanga kuletwa mjini akihema, miguu imejaa maji hadi magotini, usiku halali ila kwa kukaa kitako na mito mgongoni. Tangu hapo kila karatasi yake ya majibu, iwe ya kwetu au ya maabara nyingine, inapigwa picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kisha linafuata swali lile lile: "Dada, hii H hapa ina maana gani?"

H mashine inaiweka yenyewe pale namba inapovuka kiwango cha juu. Ikishuka chini ya kiwango inaweka L. Kiwango chenyewe hupatikana kwa kupima watu wasio na ugonjwa, na shida inaanzia hapo, kwa sababu mjomba si mmoja wao. Herufi iliyotutia hofu sana haikuwa na jipya la kutuambia, na namba iliyotakiwa kushughulikiwa ilikuja bila herufi yoyote.

Karatasi ya kwanza iliandika NT-proBNP, protini ya moyo inayopanda moyo ukielemewa, 6,840 pg/mL, na pembeni, kiwango cha kawaida: chini ya 125. Shemeji yangu akagawanya kwa kikokotoo cha simu, akaandika kwenye kundi kwamba moyo wa mjomba umeharibika mara hamsini na nne. Watu wakaanza kuulizana nani ampigie binamu aliyeko Maskati aje mapema. Ikabidi niache nilichokuwa nafanya niwaandikie.

Ile 125 ni ya mtu anayekuja kliniki kwa miguu yake, hana dharura. Kwa anayefikishwa mapokezi akihema, vipimo vinasomwa vingine. Chini ya 300, uwezekano kwamba ni moyo ulioshindwa ghafla ni mdogo sana, daktari atafute sababu nyingine. Juu ya hapo umri unaingia: aliye chini ya miaka 50 anatazamwa kwa 450, wa 50 hadi 75 kwa 900, na aliyepita 75 kwa 1,800. Mjomba ana miaka 71, kwa hiyo kipimo chake ni 900, na alikuwa amekipita mbali. Sawa. Lakini swali lililokuwa linajibiwa pale lilikuwa moja: kuhema huku ni kwa mapafu au kwa moyo? Kabla hajaletwa alikuwa ameshapewa dawa za nimonia, na baadaye pampu ya pumu. Jibu likawa ni moyo. Umeharibika kiasi gani, hilo halimo kwenye 6,840. Hilo lilionekana kwenye eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambako moyo ulikuwa unasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikubwa kila unapopiga.

Mjomba ni mstaafu wa reli, na hapendi kuambiwa jambo nusu. Ananiita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na alipopata nafuu kidogo akaniambia, "Mama, hebu nieleze hiyo protini inatoka wapi." Nikamweleza. Misuli ya moyo ikivutwa kupita kiasi kwa sababu ya damu na maji yaliyojaa, inatengeneza protini yenye amino asidi 108. Protini hiyo inakatwa vipande viwili. Kimoja ni BNP, cha amino asidi 32, ambacho ndicho kinachofanya kazi: kinaiambia figo itoe chumvi na maji, na kinalegeza mishipa. Kipande cha pili, NT-proBNP cha amino asidi 76, hakina kazi, kinazunguka tu kwenye damu. Kwamba moyo unatoa homoni lilianza kuonekana mwaka 1981, pale Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada walipowachoma panya maji yaliyokamuliwa kwenye vyumba vya juu vya moyo, wakaona panya wanakojoa kwa wingi. BNP yenyewe ilikutwa na watafiti wa Japani mwaka 1988, kwenye ubongo wa nguruwe. Hapo mjomba, mtu wa swala tano, akasema hiyo ya nguruwe nisiwaambie wengine.

Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote wa mafunzo kwa vitendo: "Kwa hiyo moyo wangu unajitengenezea Lasix yake?"

Karibu na hivyo, maana Lasix ni dawa ya kutoa maji kwa mkojo.

"Sasa mbona mnanipa na nyingine?"

Kwa sababu mwili huo huo una homoni nyingine zinazoona damu haifiki vizuri kwenye figo, zikadhani maji yamepungua, zikaamuru chumvi izuiwe. Ugonjwa ukikomaa hizo ndizo zinazoshinda, na dawa nyingi za moyo kazi yake ni kuzidhibiti. Akanyamaza kidogo, akauliza kama ng'onda, samaki wake wa chumvi, ana mchango wake. Anao mkubwa.

Kuna jambo la upande wetu wa maabara ambalo mgonjwa halioni. BNP inaisha haraka kwenye damu, nusu yake hupotea kwa dakika 20 hivi, na hata ikishakaa kwenye chupa inaendelea kuharibika. Inataka chupa ya plastiki ya kifuniko cha zambarau, izungushwe kwenye sentrifuji na kupimwa mapema. NT-proBNP ni mvumilivu: sampuli inaweza kukaa kwenye joto la chumba hata siku mbili tatu, na jibu likabaki lile lile. Anayejua foleni ya barabara ya Kilwa, na sampuli inayoletwa na bodaboda kwenye kisanduku cha barafu kilichokwishakuwa kisanduku cha maji, ataelewa kwa nini mimi nachagua hicho cha pili.

Herufi iliyofuata ilikuwa ya troponini. 31, kiwango cha juu 14, H. Mtu mmoja wodini akamwambia shangazi, mke wa mjomba, kwamba mzee ameshapata shambulio la moyo. Shangazi akalia hadi presha yake nayo ikapanda. Troponini ni protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo, na misuli ikifa inavujia kwenye damu. Mshipa wa moyo ukiziba, namba inapanda ndani ya saa chache, na inapanda kweli, halafu inashuka kwa siku kadhaa. Moyo uliochoka kwa miaka, wenye presha isiyotulia, nao unavuja kidogo kidogo kila siku bila mshipa kuziba. Ndiyo maana daktari alichukua damu mara ya pili baada ya saa tatu. Ikaja 30. Kutoka 31 hadi 30 hakuna kilichopanda, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nayo haikuonyesha jipya. Si kwamba ni habari njema. Mgonjwa wa moyo ambaye troponini yake iko juu muda wote yuko kwenye hatari zaidi ya yule ambaye yake iko chini. Ila halikuwa shambulio, na shangazi angeweza kuambiwa hivyo kabla hajalia.

Aliruhusiwa akiwa na NT-proBNP 2,310. Kushuka zaidi ya asilimia 30 kati ya kulazwa na kuruhusiwa ni dalili ya heri, naye alishuka zaidi ya nusu. Baada ya hapo akaenda kupima kwenye maabara nyingine, karibu na anakofikia, na picha ikaja kwenye kundi: 480. "Mungu mkubwa! Kutoka 6,840 hadi 480!" Mikono ya dua ikajaa ukurasa mzima. Binamu wa Maskati akaahidi kuchinja.

Nilipoikuza picha nikaona imeandikwa BNP. NT haipo. Walipima kile kipande kingine, na vipande hivi viwili havisomwi kwa rula moja wala hakuna hesabu rahisi ya kugeuza kimoja kuwa kingine. Zaidi ya hapo, mjomba alikuwa ameshaanza dawa yenye sakubitrili na valsartani, dawa iliyopata jina baada ya utafiti wa PARADIGM-HF wa mwaka 2014. Sakubitrili inazuia kimeng'enya cha neprilisini, ambacho ndicho kinachovunjavunja BNP. Kwa hiyo mtu akiwa kwenye dawa hiyo, BNP yake inaweza kupanda kwa sababu ya dawa huku moyo ukipata nafuu. NT-proBNP haivunjwi na kimeng'enya hicho, ndiyo maana inabaki ya kuaminika. 480 ile haikuwa mbaya wala nzuri, ilikuwa haina wa kulinganishwa naye. Niliyaandika hayo kwenye kundi na nikaonekana mharibu sherehe. Tangu siku ile anapima sehemu moja, kipimo kimoja.

Hata hivyo namba haikutulia pale ambapo familia ingetaka itulie. Ikaja 2,650. Simu zikaanza. Lakini kwa mtu mmoja ambaye hajabadilika chochote, NT-proBNP inaweza kupanda au kushuka kwa robo yake, na hata zaidi, kutoka wiki moja hadi nyingine. Figo ikilegea kidogo inapanda, kwa kuwa figo nayo inasaidia kuiondoa. Mapigo ya moyo yakivurugika inapanda. Umri nao unaipandisha. Nilimwuliza mjomba uzito. Huyo ana daftari. Kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, anapanda mizani na kuandika kwa kalamu ya wino wa bluu: tarehe, kilo, miguu, usingizi kwa mito mingapi. Mtu wa reli. Kilo zilikuwa zile zile, mito miwili, miguu mikavu. 2,650 ikapita. Zingeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu ningemkimbiza hospitali bila kusubiri damu yoyote.

Binamu hakuridhika. Yeye ndiye anayetuma hela, akataka mzee apimwe kila mwezi mpaka ishuke chini ya 1,000. Sikumlaumu, anaishi mbali na namba ndiyo kitu pekee anachokiona. Lakini wazo hilo limeshajaribiwa. Utafiti ulioitwa GUIDE-IT, wa wagonjwa 894 huko Marekani na Kanada, uliwagawa watu makundi mawili: kundi moja dawa zirekebishwe kwa kuifukuza NT-proBNP mpaka iwe chini ya 1,000, lingine zirekebishwe kwa utaratibu wa kawaida wa daktari. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Kuifukuza namba hakukuwasaidia watu zaidi ya matibabu mazuri ya kawaida, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kipimo hiki kwetu ni ghali kuliko picha kubwa ya damu, kile cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu. Hela ile ile inanunua dawa za mwezi na kipimo cha potasiamu na cha kreatinini, inayoonyesha hali ya figo. Potasiamu na figo, kwa mtu anayetumia dawa hizi, ndivyo vinavyoweza kumuua kimya kimya visipoangaliwa.

Mahali nilipokubaliana naye ni wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini. Mwaka 2022 utafiti wa STRONG-HF, wa wagonjwa 1,078, wakiwemo wa Msumbiji na Nijeria, ulionyesha kwamba dawa zikipandishwa haraka hadi dozi kamili ndani ya wiki chache, mgonjwa akionwa mara kwa mara, waliokufa au kurudishwa hospitali ndani ya siku 180 ni asilimia 15.2, dhidi ya asilimia 23.3 kwa waliotibiwa kwa mwendo wa kawaida. Humo NT-proBNP ilitumika kama breki: ikiwa imepanda zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa kabla ya kuruhusiwa, dawa za kundi la bisoprololi na kavediloli, zile zinazopunguza kasi ya moyo, zisiongezwe kwanza, na maji yaangaliwe. Kazi ya aina hiyo naielewa. Kupima ili kufurahisha kundi siielewi.

Kazini nako nimeanza kuangalia sampuli kwa jicho jingine. Kwanza umri. Wagonjwa wa moyo wa kwetu ni vijana kuliko wa Ulaya. Utafiti wa THESUS-HF uliofanyika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa miaka 52, na presha ndiyo chanzo kikuu. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 44 aliyekuja na 700 akihema, asiambiwe imepanda kidogo. Kwa umri wake imepanda vya kutosha. Pili unene. Watu wanene hutoa protini hii kwa kiwango cha chini hata moyo ukiwa umeshindwa, na karatasi haina safu ya kilo.

Tatu ni vidonge vya nywele. Hili wengi hawalijui. Mashine nyingi hukamata protini kwa kinga mwili mbili, na katika baadhi yake moja hushikizwa kwenye vishanga vya kipimo kwa kutumia vitamini iitwayo bayotini. Mtu akimeza bayotini ya nywele na kucha ya miligramu 5 au 10, wakati mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, bayotini yake inakaa kwenye nafasi hizo kama watu waliojaza daladala bila kwenda popote, na kinga mwili yenye protini inakosa pa kushika. Namba inatoka chini kuliko ukweli. Si NT-proBNP tu, hata troponini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017, na ikataja mtu aliyekufa baada ya troponini yake kusomeka chini kwa sababu hiyo. Vitendanishi vingi vipya vimerekebishwa, lakini vya zamani bado vipo. Siku hizi nikiona NT-proBNP ya chini ajabu kwa mtu mwenye miguu ya maji, naenda mwenyewe mapokezi kuuliza anameza nini. Wapo wanaocheka, wapo wanaofungua pochi na kutoa kopo.

Sasa niseme ile namba isiyokuwa na herufi.

Miezi ilivyokwenda mjomba akakauka, miguu ikarudi, mito ikapungua, lakini mtu mwenyewe hana nguvu. Kutoka nyumbani hadi msikitini, njia fupi tu pale Chumbageni, Tanga, anaketi kwenye baraza za watu kupumzika. Familia ikasema ni uzee. Picha kubwa ya damu ilikuwa safi, himoglobini 13.2, hakuna L. Nilipompeleka kliniki, daktari wake wa moyo akaangalia, akauliza: "Feritini yake ngapi?" Ilikuwa imeshapimwa. Ilikuwa kwenye karatasi ile ile, mstari wa chini: 62, kiwango cha kawaida 30 hadi 400. Haina alama.

Feritini ni protini inayohifadhi madini ya chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya 62 haina neno. Lakini ugonjwa wa moyo ni kama uvimbe wa jeraha, ila wa muda mrefu na usioonekana, na uvimbe unaipandisha feritini hata chuma kikiwa kimepungua. Kwa hiyo kwa wagonjwa hawa mstari umevutwa juu: chini ya 100 ni upungufu, na kati ya 100 na 299 ni upungufu ikiwa asilimia ya protini inayobeba chuma, transferini, iliyojaa iko chini ya 20. Kwa mjomba asilimia hiyo ilikuwa 14. Alikuwa na njaa ya chuma bila kuwa na upungufu wa damu, na misuli, ikiwemo ya moyo, inakihitaji chuma kwa kazi zake yenyewe, si cha kutengeneza damu tu. Na wala si jambo la nadra. Watafiti wa Muhimbili waliowafuatilia wagonjwa 401 wa moyo, wakachapisha mwaka 2015, walikuta karibu nusu yao wana upungufu wa chuma, na miongoni mwao wapo ambao himoglobini ilikuwa nzuri.

Shangazi alishakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Kwa moyo wa aina hii vidonge havifui dafu. Utafiti wa IRONOUT wa mwaka 2017 uliwapa watu chuma cha kumeza wiki 16, na pumzi zao hazikubadilika. Cha kupitishia kwenye mshipa ndicho kilichoonyesha tofauti, tangu FAIR-HF ya mwaka 2009 yenye wagonjwa 459: watu walitembea zaidi na kujisikia vizuri zaidi. Kwamba kinaongeza miaka ya kuishi, tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayovutana, na daktari alimwambia mjomba hivyo hivyo. Mjomba akasema miaka amwachie Mungu, yeye anataka kufika msikitini.

Aliwekewa dripu akiwa amekaa kwenye kiti, redio ya mfukoni sikioni. Nguvu hazikuja siku ile wala wiki ile. Zilipokuja, wa kwanza kutuambia alikuwa jirani mwenye baraza, aliyeuliza kwa nini mzee hapiti tena kusalimia.

Wiki iliyopita imeingia picha nyingine kwenye kundi. Feritini 512, H. "Dada, sasa chuma kimezidi?" Kumbe mtu kamshauri akapime mapema, dripu ikiwa bado haijatimiza mwezi. Feritini hupaa baada ya chuma cha mshipani, na ukipima kabla hakijasambaa unapima dripu yenyewe. Nimewaambia wasubiri itimie miezi mitatu tangu dripu, wapime pamoja na transferini, na daftari la kilo liende naye.